Mwacheni Binti Afanye Utafiti

Sisi hapa St. Louis wazima, maboksi tunabeba kama kawaida. Leo sina picha za theluji. Nina jambo la familia, na kwa kuwa simu zimekuwa nyingi na kila mmoja ananivuta upande wake, nimeona niliandike hapa lisomwe na wote kwa pamoja.

Mnajua kwamba mpwa wangu amemaliza udaktari na mwaka wake wa mafunzo ya vitendo. Sasa anasema anataka kusomea upasuaji wa kifua, na humo humo afanye utafiti wa saratani ya mapafu na uvimbe wa tezi ya thaimasi. Nyumbani Tanga pamewaka moto. Kaka mkubwa anataka afungue zahanati pale barabarani aanze kuingiza hela. Dada anauliza utafiti unaliwa na chai au na ugali. Shangazi yake anauliza ataolewa lini. Na mimi niliyekuwa natuma ada nimeombwa nimpigie simu nimwambie aache mambo ya Wazungu.

Jamani, sitampigia. Naomba mnisikilize kwanza, halafu mkinipinga nipingeni kwa hoja.

Kazi yangu huku mnaijua: nasukuma wagonjwa kwenye viti vya magurudumu. Ukiifanya kazi hiyo miaka mingi katika mji huu utalisikia jina la Evarts Graham. Huyu alikuwa mkuu wa upasuaji katika chuo kikuu cha Washington, hapa hapa St. Louis, tangu 1919. Tarehe 5 Aprili 1933, pale Barnes Hospital, alimpasua daktari mwenzake, James Gilmore, aliyekuwa na saratani ya pafu. Alikusudia kutoa sehemu tu, lakini alipofungua akakuta ugonjwa umesambaa, akalitoa pafu lote la kushoto kwa mkupuo mmoja. Kabla ya hapo hakuna mgonjwa wa saratani aliyetolewa pafu zima kwa mkupuo mmoja akapona. Gilmore alipona, akarudi kazini, akaishi mpaka 1963.

Angekuwa wetu tungesema basi, umeshapata jina, fungua hospitali yako ule maisha. Graham hakuishia hapo. Mwaka 1948 alimjia mwanafunzi mmoja wa udaktari, Ernst Wynder, kijana aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, akamwambia anahisi sigara ndiyo inayoleta saratani ya mapafu. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa, na jambo hilo hakuliamini. Alikuwa akitania kwamba hata mauzo ya soksi za nailoni yameongezeka sambamba na saratani ya mapafu, mbona soksi hatuzilaumu?

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Mkubwa yule angeweza kumfukuza kijana. Badala yake alimruhusu akahesabu. Na walihesabuje? Kwa maswali na karatasi! Waliwauliza wagonjwa: unavuta, unavuta kiasi gani, umevuta miaka mingapi, unafanya kazi gani. Mwezi Mei 1950 wakachapisha habari za wagonjwa 684. Katika wanaume 605 wenye aina za saratani ya mapafu zilizokuwa za kawaida zaidi wakati ule, asilimia 96.5 walikuwa wavutaji wa kutosha au wa kupindukia kwa miaka mingi. Kwa wanaume wengine waliolazwa bila saratani hiyo ilikuwa asilimia 73.7. Mwaka huo huo Waingereza Doll na Hill nao wakatoa matokeo yaliyoelekea huko huko. Mwaka 1953 Graham na wenzake wakapaka lami ya moshi wa sigara kwenye migongo ya panya, na panya wengi wakaota saratani ya ngozi.

Mzee akaacha sigara. Lakini alikuwa ameshavuta karibu miaka 50, na tarehe 4 Machi 1957 alikufa kwa saratani ya mapafu yote mawili. Mgonjwa wake Gilmore alikuwa bado hai.

Sasa niambieni. Kisu cha Graham kilimwokoa mtu mmoja, kesho mwingine. Zile karatasi za maswali zimeokoa wangapi? Serikali ya Marekani ilipotoa ripoti yake kubwa dhidi ya sigara mwaka 1964, ilisimama juu ya kazi za namna hiyo. Kila pakiti ya sigara yenye onyo mnayoiona dukani inatokana na watu waliokaa wakahesabu wagonjwa wakati wenzao wakifungua zahanati.

Mtasema hilo limeshajulikana, binti atafute nini tena? Yapo mengi. Mwaka 1933 walitoa pafu zima. Baadaye ikaonekana kutoa tundu moja la pafu kunatosha kwa wagonjwa wengi. Mwaka 2022 madaktari wa Japani walitoa matokeo ya wagonjwa 1,106 wenye uvimbe mdogo usiozidi sentimita 2, wakaonyesha kwamba kutoa kipande tu cha tundu hakumpunguzii mtu maisha. Mwaka 2011 Wamarekani waliofuatilia wavutaji zaidi ya 53,000 walionyesha kwamba kuwapima kwa CT ya mionzi midogo kila mwaka, badala ya eksirei, kunapunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Hayo yote yamepatikana kwa kuuliza na kuhesabu.

Haya, na thaimasi je? Wengi mmeniuliza ni mdudu gani. Ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo. Utotoni ni kubwa, inafundisha chembe za kinga ya mwili, ukubwani inasinyaa. Mara chache inaota uvimbe. Baadhi ya wenye uvimbe huo wanapata ugonjwa uitwao miasthenia: kope zinaanguka, mtu anaona viwili viwili, anashindwa kutafuna, asubuhi ana nafuu na jioni hoi. Nyie wenyewe mnajua mtu wa hali hiyo kwetu anapelekwa wapi kwanza. Atafukiziwa ubani, ataambiwa ana jini au karogwa na mke mwenza.

Mwaka 1936, kule Nashville, Alfred Blalock alimtoa msichana mmoja mwenye miasthenia uvimbe wa tezi hiyo, naye akapata nafuu. Je, ilikuwa bahati? Madaktari walibishana miaka 80. Ni mwaka 2016 tu ndipo matokeo ya wagonjwa 126 wasiokuwa na uvimbe yalipothibitisha kwamba kuitoa tezi kunasaidia, na dawa wanazohitaji zinapungua. Na mwaka 1981 mpasuaji wa Kijapani, Akira Masaoka, alipanga uvimbe wa tezi hiyo katika hatua 4, kwa kuangalia kama umepasua ganda lake na umefika wapi. Ugonjwa wenyewe ni adimu, daktari mmoja hawezi kuona wengi wa kutosha. Kwa hiyo ilibidi kutunza mafaili, kuwafuatilia watu miaka na miaka, na kuandika. Mpango wake ulifuatwa dunia nzima kwa miongo kadhaa.

Sasa turudi kwetu. Kwetu kila kikohozi ni TB. Kweli TB ipo na inaua, na mtu akikohoa wiki 2 akapime. Lakini wapo wanaopewa dawa za TB bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi, wanamaliza dozi, wanazidi kukonda, na saratani inakuja kujulikana wakati kisu hakifai tena. Wangapi Tanga? Wangapi Tabora, ambako tumbaku yenyewe inalimwa? Wangapi hawajawahi kushika sigara ila wamepikia kuni jikoni miaka 40? Hesabu za St. Louis na za Japani hazitatujibu maswali hayo. Atakayejibu ni mtu wa kwetu atakayekaa Bombo au Muhimbili na kuuliza wagonjwa wetu kwa Kiswahili chetu. Karatasi na kalamu zilimtosha Wynder kuanza, na sisi tunazo.

Naijua hoja yenu ya hela, na sitaki kuifanyia dhihaka. Ubingwa utachukua miaka mingine mingi. Mshahara utakuwa mdogo, vifaa haba, na dada hana mtu mwingine wa kumtegemea uzeeni. Hilo ni kweli, na ndilo linalonikosesha usingizi. Lakini binti si hela tuliyoiweka benki tukisubiri riba. Ada nilituma ili awe daktari mzuri, na sikuandika mkataba. Matumizi ya dada nitaendelea kuyabeba mimi mpaka binti asimame. Nimepiga hesabu, nimeongeza zamu ya Jumamosi, na nalisema hapa mbele yenu ili mnishike ulimi.

Kuhusu kuolewa, shangazi, kisu cha kupasulia hakimzuii mtu kuvaa pete. Atakayemtaka atamkuta wodini.

Ninachowaomba ni vitu viwili. Kwanza, muacheni. Msimpigie simu za kulia, msimwambie anamtesa mama yake. Tena akija likizo na daftari lake akianza kuwauliza wazee wamevuta miaka mingapi, mjibuni ukweli.

Pili, kaka mkubwa, wewe mwenye neno la zahanati. Kila nikikuambia kuhusu sigara unaniambia babu alivuta mpaka uzeeni na hakufa kwa kifua. Graham naye alikuwa na utani wa soksi. Tofauti ni kwamba yeye alikubali hesabu ifanywe, na ilipomkataa akaizima sigara, ingawa kwake ilikuwa imechelewa. Kwako huenda haijachelewa. Zima leo, halafu tutabishana vizuri kuhusu binti huku tukijua utakuwepo siku atakapovaa joho.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye hoja aniandikie, nitasoma zote. Msalimieni mama, mwambieni mzigo wake uko njiani.

Wasalaam,
Mjomba wenu wa St. Louis