Unga Tumewapa. Jembe Je?

Kuna methali tumeifanya silaha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukiisikia huku Nairobi, mara nyingi ni mtu anataka mwingine atoke kwa keja yake. Binamu amekaa wiki mbili, hachangi stima, anamaliza mkate, basi anarushiwa hiyo methali kama jiwe. Lakini isome tena polepole. Haisemi mfukuze. Inasema mpe. Jembe ni lako wewe mwenyeji, linatoka mkononi mwako, na lazima umwonyeshe shamba, juu yeye hajui mpaka uko wapi wala mvua ya huku hunyesha lini.

Naleta hii story kwa sababu ya makanisa yetu na wageni walioletwa hapa na vita. Tembea Kayole, Githurai, Kasarani au Kitengela na masikio wazi, utasikia Kiswahili cha Kongo. Wengine wamekaa hapa miaka mingi. Wengine walifika baada ya Goma kuanguka Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wako Dadaab na Kakuma, ila walio mijini pia ni watu wengi sana, na mjini hakuna foleni ya mgao kama kambini. Ukija Nairobi, unajitegemea.

Hapo ndipo kanisa huingia, na makanisa nayapa heshima yao. Msee akishuka basi na watoto watatu na mfuko mmoja wa nguo, wa kwanza kumpokea mara nyingi si serikali, ni washirika wa kanisa fulani la mabati. Tangazo linatolewa Jumapili, unga unakuja, mafuta, blanketi, mtu anatoa godoro. Hiyo ni siku ya kwanza na ya pili, na tunazifanya poa sana. Shida yangu ni mwezi wa nane. Mwezi wa nane bado ni unga. Mgeni bado anakaa benchi la nyuma akingoja jina lake lisomwe, na bado hajui kununua tokeni za stima.

Mtaani kwetu kuna kanisa moja dogo lililoamua kubadilisha hiyo form. Kila Jumamosi asubuhi kuna darasa, na hakuna somo la kitabu. Fundi mmoja anaonyesha jinsi ya kufunga mtungi wa gesi, kupaka maji ya sabuni kwenye mpira uone kama inavuja, na kwa nini hulali na jiko la makaa ndani ya chumba hata kama ni Julai na baridi inauma. Mama mmoja wa soko anafunza bei. Mimi niko upande wa simu. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kufunza mtu chochote, lakini hakuna mtu ameniuliza cheti. Wanauliza kama najua *334#.

Na usidhani ni mambo madogo. Wewe na mimi tumelelewa na M-Pesa, imekuwepo tangu 2007, wengi wetu tulikuwa watoto. Hatukumbuki siku tuliyojifunza. Mtu mzima aliyekuwa na duka lake kule Bukavu, aliyezoea kuhesabu dola na faranga mkononi, anatumiwa meseji ya uongo kwamba ameingiziwa 2,500. Dakika mbili baadaye simu inalia, mtu analia machozi, ati alikosea namba, tafadhali rudisha. Huyu mgeni ni mtu wa Mungu, anarudisha. Amerudisha pesa ambayo haikuingia, na hiyo ilikuwa ya rent. Kwa darasa tunarudia kitu kimoja mpaka kinachosha: meseji ya kweli inatoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu, na usiamini meseji, angalia salio. Ukituma kimakosa, unapeleka ile meseji kwa 456 haraka. PIN huambii mtu, hata pasta.

Matatu nayo ni shule nzima. Hakuna mahali pameandikwa kwamba nauli ya saa nne asubuhi si nauli ya jioni mvua ikinyesha. Hakuna ubao unaosema uulize kondakta kabla hujapanda. Sisi tunaona ni kawaida. Mgeni anaona ni watu wanampangia njama, na siku zingine hajakosea.

Halafu kuna lugha, na hii ndiyo hunifurahisha zaidi. Watu husema Wakongo wana bahati kwa sababu wanajua Kiswahili. Wanajua, lakini si hiki chetu. Kwao, wengi wakisema kuuza wanamaanisha kununua. Kuuza kwetu, kwao ni kuuzisha. Sasa fikiria mama anaenda kwa kibanda cha mboga anasema, kwa heshima zote, “Niko nataka kuuza nyanya.” Mwenye kibanda anamwangalia vibaya, anadhani ni mshindani amekuja kumtoa steji. Na akimsalimia mtu “Jambo,” salamu ya kawaida kabisa kwao, vijana wanacheka ati ni mtalii. Jumamosi moja tulitumia saa nzima kwa hayo maneno mawili tu, kuuza na kuuzisha, na tulicheka mpaka mzee mmoja akatoka nje kupumua. Hakuna aliyeboeka. Mama mmoja aliniambia, “Mutoto yangu, hii ndiyo ilikuwa inanikosesha wateja.” Alikuwa anatembeza vitenge mlango kwa mlango akiwaambia watu anataka kununua.

Kuna somo lingine ni zito. Kuna watu mjini huuza safari ambazo hawana: lipa kitu kidogo, jina lako litapanda, utapelekwa Kanada. Huduma za UNHCR na za Idara ya Wakimbizi hazilipiwi, na nafasi ya kupelekwa nchi nyingine haiuzwi. Mtu akikuitisha pesa kwa hiyo, ni mwizi, hata kama amevaa kadi shingoni. Tangu Marekani isimamishe kupokea wakimbizi Januari 2025, watu waliokuwa wamemaliza kila hatua, hata darasa la kufundishwa maisha ya Marekani, safari zao zilifutwa. Mtu aliyekata tamaa namna hiyo ni rahisi kuibiwa. Kanisa ambalo lina masikio ya hao watu kila Jumapili na halitangazi hili mimbarani, sijui linangoja nini.

Pasta mmoja aliniambia kazi ya kanisa ni Neno, hizi zingine ni za NGO. Sawa, twende kwa Neno. Ruthu alikuwa mgeni kutoka Moabu. Hakuletewa gunia la shayiri mlangoni kila wiki. Sheria iliwaambia wenye mashamba waache kingo bila kuvuna ili mgeni aje aokote mwenyewe, na Boazi akamwambia shamba la kukaa na watu wa kufuatana nao. Naomi naye alimfunza mila za pale: uende wapi, lini, uvae nini, useme na nani. Ukiniuliza, hiyo ni Jumamosi yetu kabisa. Na hapa hapa Nairobi kuna Amani ya Juu, kilichoanza 1996 na wanawake wakimbizi wachache na vitambaa vya kushona kwa misingi ya imani yao, na mpaka wa leo wanawake kutoka nchi nyingi wamejifunzia kazi hapo. Kwa hivyo si kitu kipya ninachoitisha.

Ila nina masharti yangu mawili, na nitayashikilia hata kama yataniletea maneno. La kwanza, somo la gesi lisiwe mtego wa ubatizo. Eastleigh ni mwendo mfupi tu kutoka kwa makanisa mengi, na huko kuna mgeni Mwislamu ambaye pia anaibiwa kwa simu. Aje, ajifunze, aende zake aswali. Kama imani yako ni nzuri ataiona kwa vile unamshikia simu bila kumharakisha. La pili, camera zikae mfukoni. Najua ninayesema ni mtu anayekula kwa content. Lakini kupiga mtu picha akishika unga wa kilo mbili, halafu kuiweka Facebook ya kanisa na jina lake, hapana. Mbali na aibu, kuna watu walikimbia mtu, si vita tu, na huyo mtu pia ana simu.

Najua swali mnalo. Wakenya wenyewe hawana kazi, tunafunza wageni ya nini? Ni swali halali, mimi pia natafuta. Lakini kumwonyesha mama tofauti ya kuuza na kuuzisha hakujachukua kazi yako. Analipa rent kwa ploti ya Mkenya, ananunua sukuma kwa Mkenya, anapanda mat ya Mkenya. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu kufanya kazi akiwa na stakabadhi, ingawa kati ya kile sheria inasema na karatasi kufika mkononi kuna safari ndefu, na Jumamosi zetu haziwezi kuimaliza. Sidai zinaweza. Tunachofanya ni kumsindikiza mtu mpaka kwa dirisha lenyewe la ofisi, akiwa na nakala za karatasi zake kwa bahasha, ili asirudishwe kwa sababu ya fotokopi.

Wageni nao wamedai zamu yao. Wiki ijayo wanatupikia sombe, na wamesema lazima tutwange wenyewe, hakuna kutazama. Baadaye tutapanda mat mpaka Muthurwa na kurudi, wao ndio watauliza nauli, sisi tutanyamaza. Kama kanisa lenu lina wageni na hamjui mtaanzia wapi, anzeni na hiyo ya mat. Inataka vijana wawili, chenji, na Jumamosi moja.