Kuku wa nyama: Chakula cha bei nafuu chaweza kuwa ghali

Biashara ya kuku wa nyama inapoyumba, lawama nyingi huelekezwa kwenye bei ya soko. Hata hivyo, chakula ndicho huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama za uzalishaji. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha bei ya nafaka na mbegu za mafuta duniani, na wafugaji wa Afrika Mashariki waliyaonja makali yake.

Kila bei inapopanda, baadhi ya wafugaji hujichanganyia chakula wenyewe, wakiongeza pumba na kupunguza soya na dagaa. Hapo ndipo hasara inapoanza.

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye kuku 500 wanaouzwa wakiwa na uzito wa kilo 2. Kwa chakula bora, kuku hula takribani kilo 1.8 ili kuongeza kilo moja ya uzito, yaani kilo 3.6 hadi siku ya kuuzwa. Chakula hafifu kikimfanya ale kilo 2.2 kwa kila kilo ya uzito, atamaliza kilo 4.4. Tofauti ni kilo 0.8 kwa kuku mmoja, na kwa banda zima ni kilo 400, sawa na mifuko minane ya kilo 50. Kwa maana hiyo, chakula hafifu hakiwezi kulipa mpaka bei yake iwe chini kwa zaidi ya asilimia 18. Na hapo bado hazijahesabiwa siku za ziada bandani, mkaa wala dawa.

Kifaranga huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 22 hivi, ambayo hushuka hadi 19 au 20 anapokaribia kuuzwa. Lakini wingi wa protini pekee hautoshi. Mahindi na mashudu ya alizeti yana upungufu wa laisini, na soya ina upungufu wa methionini. Ndiyo maana viongeza hivyo viwili, vikitiwa kwa kiasi kidogo, huokoa soya na dagaa wengi. Kimeng'enya cha faitezi nacho humwezesha kuku kutumia fosforasi iliyofungika ndani ya nafaka, hivyo mahitaji ya unga wa mifupa hupungua.

Si kila kiongeza ni cha kukimbilia. Antibayotiki za kukuzia kuku zilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya tangu Januari 2006. Mwaka 2017 Marekani ilikomesha matumizi hayo kwa dawa zinazotegemewa pia kutibu binadamu, na China ikaondoa kolistini kwenye chakula cha mifugo. Sababu ni usugu wa vimelea. Dawa iliyozoeleka bandani hushindwa kumponya kuku anapougua kweli, na hata binadamu. Aidha, mfugaji anayeuza kuku kabla ya kumaliza siku za kusubiri baada ya dawa, humlisha mlaji mabaki ya dawa hiyo.

Vilevile hakuna kiongeza kinachogeuza mahindi yenye ukungu kuwa mazuri. Sumukuvu, iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, huharibu ini la kuku, hupunguza kinga na kudumaza ukuaji. Vidhibiti vya sumu husaidia kwa kiasi tu; dawa halisi ni mahindi yaliyokauka vizuri na ghala lisilovuja.

Kwa mfugaji mdogo, hatua ya kwanza haihitaji fedha: kupima chakula kinachoingia bandani na uzito wa kuku kila wiki. Anayejichanganyia akague dagaa wasiwe na mchanga, akaange soya kwa kuwa mbichi huzuia usagaji wa protini, na atumie mizani badala ya kukadiria kwa ndoo. Mwenye muuzaji wa chakula adai kujua kiwango cha protini na tarehe ya kutengenezwa. Bei ya mfuko humwambia mfugaji alicholipa leo. Mizani ndiyo itakayomwambia alichopata.