Tunaulizwa kama tumeridhika mbele ya wanaotufokea



Naomba nafasi nitoe dukuduku langu likiwa bado la moto. Jana nilikuwa kliniki ya sukari katika hospitali moja ya mkoa. Kabla sijarudishiwa kadi yangu, nikapewa karatasi nieleze kama nimeridhika na huduma. Aliyenipa ndiye nesi aliyenifokea asubuhi, na alisimama pembeni akinisubiri niandike. Nikaweka alama kwenye "nimeridhika sana", kama walivyofanya wenzangu wote kwenye benchi.

Tumeridhika na nini? Tuliagizwa tuje bila kula ili tupimwe sukari, tukafika alfajiri kuwahi namba. Tulipimwa saa tano, kwa sababu stripi zilifungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa kikaoni. Mama mmoja aliyechoma insulini usiku akaanza kutetemeka na kutokwa jasho, sukari imeshuka. Aliyemkimbilia na soda ni muuza maandazi wa getini.

Mimi nina kidonda unyayoni. "Unakula nini wewe baba mpaka hakiponi?" nikaulizwa kwa sauti mbele ya watu wote, wala hakuna aliyeinama kukitazama. Dirisha la dawa likanijibu hakuna, kanunue nje. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Bango la kutupisha sisi wazee limebandikwa juu ya dirisha hilohilo!

Mtu wa malaria akifokewa, anameza dawa, anapona, hawaoni tena. Sisi wa sukari na presha tunarudi mwezi ujao kwa watu walewale. Wenzetu wa kusafisha damu wanarudi mara tatu kwa wiki. Nani atamwandika vibaya mtu atakayemchoma sindano keshokutwa? Kwa hiyo wanachokusanya ni woga wetu, halafu wanakipeleka wizarani kikiitwa kuridhika. Maoni yachukuliwe na watu wasio wa hospitali, mgonjwa akiwa kwake, bila jina.

Najua wauguzi ni wachache na wamechoka. Yupo mmoja wa chumba cha vidonda anayetusalimia na kutuuliza tumelalaje, Mungu ambariki. Lakini zamu yake ikiisha, tumekwisha.

Na hawa wanasiasa! Wakiumwa tunasikia wako India. Walipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nami bado nanunua metformin kwa pesa ya mahindi. Kampeni zikifika ndipo wanapoijua wodi, wanakuja na miche ya sabuni na wapiga picha, mgonjwa anaamshwa ashikwe mkono aonekane kwenye taarifa ya habari. Hakuna anayemuuliza kama amekubali. Nimeshawaambia wanangu, nikilazwa, mtu yeyote asiruhusiwe kunipiga picha kitandani.

Mzee wa sukari,
Kanda ya Ziwa