Molasi kwenye zege: biashara ipo, mizani kwanza

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wanaoagiza dawa za zege kutoka nje hulipa kwa dola, na shilingi ikishuka bei dukani hupanda. Huku nyumbani viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na TPC Moshi hutoa molasi kila msimu. Hapo wawekezaji wadogo wameanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ya ndotoni. Lignosulfoneti, dawa ya kupunguza maji inayotumika tangu miaka ya 1930, hutokana na masalia ya miti katika viwanda vya karatasi. Hupunguza maji kwa asilimia 5 hadi 10, na zege bado likamwagika vizuri. Mfuko wa kilo 50 unaochanganywa na lita 25 huokoa kama lita 2, na zege hutoka imara zaidi. Molasi nayo huchelewesha zege kushika, faida kubwa kwa Dar es Salaam yenye joto na foleni za malori.

Lakini sukari haina masihara. Gramu 25 kwa mfuko mmoja wa saruji huchelewesha zege kwa saa 4 hivi. Gramu 100, ambazo familia huzimaliza kwa chai ya asubuhi, zaweza kulizuia lisishike kabisa. Tena molasi haina kiwango kimoja cha sukari. Pipa la leo si la mwezi ujao. Anayewauzia mafundi molasi kwa dumu na kuwaambia "tia kidogo" anauza hasara, na wa kuilipa ni mwenye nyumba ambaye nguzo yake imebaki tope ndani ya mbao.

Wanga wa muhogo, ambao taasisi ya BAM ya Ujerumani imeufanyia utafiti pamoja na gundi ya mgunga, husaidia kokoto zisizame. Tatizo ni kwamba muhogo ni chakula. Maganda yangefaa kutazamwa kwanza.

Fedha ya mwanzo basi iende maabara, kwenye vipande vya zege vinavyopondwa siku ya 7 na ya 28, kabla ya kununua matangi. Mteja wa kutafutwa ni kiwanda cha zege chenye mizani yake. Na mkataba wa molasi uwe wa msimu mzima, kwa kuwa watengeneza pombe na wauza chakula cha mifugo wamo sokoni siku nyingi, na ikiadimika wao ndio hupanga bei.