Uji Unaomkondesha Mtoto

Mtoto huyu tumemwona wote. Ana miaka mitatu, tumbo limetuna kama ngoma, mikono imekonda, na choo chake ni laini, kingi na chenye harufu kali. Ameshanywa dawa za minyoo na za amiba, na kidole chake kimeshachomwa mara nyingi kutafuta malaria. Majirani wana jibu lao: amebemendwa. Mama anainamisha kichwa, anarudi jikoni kukoroga uji wa lishe kama alivyoelekezwa: mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano kidogo.

Huenda kweli ni minyoo, au kifua kikuu. Lakini lipo jina moja ambalo kwenye foleni ya kliniki halitajwi kabisa: seliaki. Kama ndilo, basi ile ngano kidogo ndiyo inayomkondesha mtoto, na kadiri mama anavyojitahidi kumlisha ndivyo anavyozidi kudhoofu.

Seliaki haiambukizi, wala si laana. Ni kinga ya mwili kumgeuka mwenyewe. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga yake hushambulia utumbo mwembamba. Vile vijinyuzi vinavyofyonza chakula huliwa hadi ukuta wa utumbo ukabaki bapa, chakula kikawa kinapita tu. Kwa mtu mzima huja kwa sura nyingine: upungufu wa damu usiosikia vidonge, mifupa dhaifu, mimba kuharibika, au vipele vya kuwasha viwikoni na magotini. Wapo wasioharisha hata siku moja.

Aliyeufumbua mkasa huu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa tayari anaushuku mkate pale njaa ya vita ilipoikumba nchi yake katika baridi ya 1944 na 1945. Mkate uliadimika, na wagonjwa wake wakapata nafuu wakati watu wengine wanadhoofika. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake, na hadi leo tiba ni ile ile: kuacha gluteni maisha yote.

Msiseme huu ni ugonjwa wa Wazungu. Duniani hukadiriwa kumpata mtu 1 katika kila 100, na wengi wao hawajijui. Miongoni mwa watoto wa Wasahrawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 18 anao. Nasi zamani ngano ilikuwa chakula cha sikukuu. Leo tunaamka na mandazi, mchana tunakula chapati, jioni mkate.

Hata hivyo sisi tuna bahati ambayo mgonjwa wa Ulaya huinunua kwa bei ghali dukani. Ugali wa mahindi, wali, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi, ndizi, maharage, samaki: vyote havina gluteni. Dawa iko ghalani. Kinachotuponza ni mchanganyiko. Karai lililokaanga mandazi asubuhi ndilo linalokaanga chipsi mchana, kwa mafuta yale yale. Mashine iliyosaga ngano ya mteja wa kwanza inasaga mahindi ya mteja wa pili bila kufutwa. Kitumbua kinaitwa cha mchele, kumbe muuzaji ameongezea ngano kidogo kishikane. Kwa mgonjwa wa seliaki, hicho kidogo kinatosha kumdhuru.

Kwa hiyo nawaomba, kila mtu kwa nafasi yake. Mzazi, mtoto akiharisha wiki nenda wiki rudi na haongezeki uzito, uliza kuhusu seliaki na uombe rufaa ya kwenda hospitali kubwa. Usimwachishe ngano kabla ya kipimo, kwa sababu kipimo cha damu husoma vita vinavyoendelea mwilini. Ukivizima mapema, majibu yatakudanganya. Muuguzi, kabla hujamlaumu mama, muulize ndani ya unga wake mna nini. Mama lishe, tenga karai moja lisiloguswa na ngano, na mteja akikuuliza usione anajidai. Msagaji, anza siku kwa mahindi, ngano ije mwisho. Mwalimu, mtoto anayekataa mkate wa shule msikilize kwanza. Viongozi wa dini, waambieni waumini kwamba hakuna aibu: hata Kanisa Katoliki huruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, au mwamini kupokea divai peke yake.

Na sisi wengine tusianze kuikimbia ngano kwa kufuata mkumbo. Kwa wengi wetu haina neno, chapati zetu tule kwa raha. Tunachodaiwa ni kulijua jina hili na kulitamka panapostahili. Tarehe 16 Mei ni siku ya seliaki duniani, lakini mtoto yule hawezi kungoja Mei. Ukikutana naye leo, usimwambie mama yake kwamba amembemenda. Muulize anakula nini, kisha msindikize hospitali.