Kumjua Mwenzio kwa Kazi Yake

Wakulima wa pamba wa Mkula, wilayani Busega, wanapolima kwa kikundi hujuana kwa jembe. Mstari ulioachwa na magugu huonekana na kila apitaye, na mwenye mstari yupo papo hapo kuulizwa. Kijana wa kata hiyo ajiungaye na jamii ya waandika programu katika intaneti hupata nusu tu ya hayo: mstari auona, mwenyewe hamwoni.

Kwa upande mmoja hiyo ni neema. Programu iliyotumwa kutoka Simiyu yaweza kusomwa na kujaribiwa sawasawa na iliyotumwa kutoka Helsinki. Lakini mwezi Machi 2024 upande wa pili ulidhihirika. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amesaidia kwa zaidi ya miaka miwili kuitunza xz, programu ya kubana mafaili itumiwayo na mashine nyingi za Linux. Alikuwa mchapakazi na mwenye subira. Mtunzaji wa awali, aliyelemewa na kazi na kusongwa na barua za watu wasiojulikana, akamshirikisha madaraka. Ndipo mgeni alipopenyeza mlango wa siri, sehemu yake ikiwa imefichwa katika mafaili ya majaribio, ambayo ni wachache huyafungua.

Aliyeifichua hila hiyo hakuanza kwa kumshuku mtu. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona tu kwamba kuingia katika mashine kulichelewa kwa kadiri ya nusu sekunde (wangapi wangeijali?), naye akatafuta sababu.

Wapo wasemao kuwa dawa ni kuonana ana kwa ana. Jamii ya Debian, iliyoanzishwa 1993, kwa miaka mingi imewataka waombaji wakutane na mwanachama na kuonyesha kitambulisho, ndipo ufunguo wao utiwe saini. Utaratibu huo una heshima yake. Hata hivyo, humtoza kijana wa Mkula nauli ya safari ndefu, ilhali laghai mwenye fedha hakosi kitambulisho cha bandia.

Yafaa zaidi walimu wawazoeze wanafunzi kusomeana programu kila juma, mstari kwa mstari, hata ya rafiki asiyeshukiwa, na asahihishwaye asidhani ametukanwa. Shule yenye kompyuta moja isisite: programu fupi huandikwa ubaoni, na kosa lake huonekana kwa chaki.