Kabla Umwage Mafuta Taa Kwa Hako Kashimo

Wasee wa Thika na Ruiru, tuongee. Ukiona tushimo twa upana wa penseli kwa ule udongo mwekundu nyuma ya ploti, kila kamoja na karundo kadogo ka mchanga, mtu lazima atatokea na maji moto ama mafuta taa. "Nyuki! Wataua watoto!" Mimi nasema angalia kwanza.

Dunia ina zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wanaishi ardhini. Wengi wa hao hawana malkia wala asali ya kulinda. Kila mama anachimba shimo lake, anaweka chavua na nekta, anataga yai, anafunga. Hana jeshi la kukutumia.

Kuwatambua si ngumu. Nyuki ana manyoya, na mara nyingi amebeba unga wa maua miguuni ama tumboni. Nyigu ana kiuno chembamba na mwili wa kung'aa. Ukiona anaburuta buibui ama kiwavi shimoni, huyo ni nyigu. Sasa simama mbali uhesabu. Kila shimo na nyuki wake mmoja? Hao ni wapole. Lakini wakiwa wengi wanapigania tundu moja, toka hapo na uite mfugaji wa nyuki. Nyuki wa asali pia hujificha ardhini, na hao hawana mchezo.

Utaniuliza, "Sina shamba, inanihusu nini?" Kachumbari yako, buda. Ua la nyanya hufungia chavua ndani, linataka kutikiswa. Upepo husaidia, lakini kuna nyuki wa ardhini anaitwa Amegilla ambaye hulishika na kulitetemesha mpaka chavua inamwagika. Nyuki wa asali hiyo kazi haiwezi.

Ruiru ndiyo ilitoa kahawa ya Ruiru 11 mwaka wa 1985. Leo mashamba ya kahawa yanageuka maploti, na kila ploti ni kabro kutoka geti hadi ukuta. Nyuki hawezi kuchimba kabro. Mafuta taa yanaua wa leo, kabro inafungia wa kesho nje.

Siombi landlodi abomoe kitu. Naomba kipande cha udongo wazi, saizi ya godoro, mahali jua linafika. Na wewe, kabla ubebe sufuria, toa simu upige picha, uiweke iNaturalist, uwasaidie wengine kumjua. Jirani unamjua jina kwanza, ndio uamue kama ni adui.